Waimbaji wa bendi, tunalipa kiingilio kusikia muziki, siyo hotuba zenu!

Wakuu, nimelala na hasira na nimeamka nazo, acha nizitoe hapa.

Jumamosi nilimpeleka mama yangu dansi. Ana miaka 68. Ujanani hakuikosa bendi ya Sikinde pale ukumbi wa DDC Kariakoo, na mpaka leo ukimwanzishia mstari mmoja wa mwimbaji wao Mzee Gurumo anakumalizia ubeti mzima. Tangu baba afariki hakuwa ametoka usiku. Nikasikia kuna bendi (siitaji jina) inapiga zilipendwa ukumbi wa jirani, nikambembeleza, akakubali kwa sharti moja: wapige wimbo wake, ule uliokuwa ukipigwa siku baba alipomtamkia kwamba anamtaka. Nikamfuata mmoja wa wanamuziki kabla hawajapanda jukwaani, akaandika kwenye kikaratasi, akasema usijali kaka, mama atapigiwa. Kiingilio 20,000 kila mtu.

Tangazo lilisema saa tatu, wakapanda saa nne na nusu. Hilo tumeshalizoea, silijadili.

Wimbo wa kwanza ulikuwa mtamu jamani. Magitaa ya solo na ridhim yanajibizana, saksafoni inaingia pale pale inapotakiwa, mama anatikisa mabega kwenye kiti. Ukaisha, watu wameshapata moto, wengine wamesimama katikati wanasubiri wa pili. Mwimbaji akashika maiki.

"Mpo? Sijawasikia! Upande huu kelele! Upande ule mmelala?" Tukapiga kelele. Akataka tena. Kisha akaanza mabosi: bosi fulani wa magari yupo meza ya mbele, bosi fulani wa Kariakoo kaja na vijana wake, mheshimiwa fulani namwona pale. Kila jina lina hadithi yake. Akahamia kwa mwenzake aliyehama bendi, akamsema weee. Halafu akauliza nani kaja na mke na nani kaja na mchepuko, wanyooshe mikono. Nimekaa na mama yangu mzazi! Mama akainamisha kichwa akawa anachezea mkanda wa pochi yake.

Nikatazama saa ya simu. Dakika 14 kati ya wimbo na wimbo. Wapigaji wenyewe wamesimama tu, mpiga tumba kakunja mikono, waliosimama kucheza wamerudi kukaa. Wimbo wa pili ukaanza kwa watu waliopoa, ikabidi bendi iwapashe upya. Ulipokolea, tunangoja chemko, ile sehemu ya kasi ya kucheza, jamaa akaukata katikati kwa sababu kuna pedeshee, tajiri wa kumwaga hela, kapanda kutunza na lazima atajwe ukoo mzima.

Usiku mzima ulienda hivyo. Nilihesabu nyimbo tisa kwa saa mbili na nusu.

Najua wapo watakaosema huo ndio utamaduni wa muziki wetu. Siyo kweli. Wakongo wenyewe, ambao kwao kutajana majina kwa malipo kuna hadi jina lake, mabanga, wanataja humo humo ndani ya wimbo, muziki unatembea. Atalaku, yule mchangamshaji wa jukwaani aliyeanza na bendi ya Zaïko Langa Langa ya Kinshasa mwanzoni mwa miaka ya 1980, anapiga kelele juu ya sebene, yaani sehemu ya magitaa ya kucheza, kwa mapigo ya dramu. Sauti yake ni chombo kama vyombo vingine, wala haisimamishi bendi. Na taarab je? Mwanamke anapanda na noti yake, anacheza taratibu, anamtunza mwimbaji anashuka, na ubeti haujakatika. Aliyekusudiwa kuambiwa kitu keshaambiwa na shairi. Hatukuhitaji mtu wa kutufafanulia.

Wala sisemi mwanamuziki awe bubu. Niliwahi kumsikia mpiga gitaa mmoja mzee, akiwa anarekebisha nyuzi zake, akasema wimbo unaofuata aliutunga wiki aliyomzika mwanawe. Sentensi moja. Ukumbi mzima ukanyamaza, na mpaka leo nikiukumbuka ule utangulizi wa gitaa mwili unanisisimka. Maneno ya namna hiyo hata akinipa kumi nitayapokea. Haya ya juzi yalikuwa ni kuuza majina ya watu kwa muda ambao mimi ndiye niliyeulipia.

Msiniambie nikasikilize redioni pia. Redioni wimbo umekatwa dakika nne. Mimi nilifuata solo inayorefushwa kwa sababu watu wamenogewa, nilifuata kuona tarumbeta mbili zikipokezana. Vitu hivyo vinahitaji muda, na muda uliliwa.

Saa saba kasoro mwimbaji akatangaza: "Mashabiki wangu, muda umetubana, kuna maombi yenu hatukuyafikia, mtusamehe." Wakapiga wimbo mmoja wa kufungia, ambao siyo wa mama. Nikamfuata yule mwanamuziki, kikaratasi bado anacho mfukoni. Kwa kweli aliona aibu, sina ugomvi naye.

Wenye bendi mlioko humu, mrudishieni kiongozi wa bendi kazi yake. Wimbo ukiisha, yeye ndiye ampe ishara mtu wa dramu ahesabu unaofuata, mwimbaji atake asitake. Matangazo ya mabosi wekeni wakati wa mapumziko, anayetaka kuyasikia atabaki kuyasikiliza. Na maombi ya watu yaliyopokelewa kwa karatasi yapigwe mapema, kabla ya salamu za mtu yeyote.

Kwenye bajaji mama aliniambia nisijali, amefurahi kutoka. Alisema hivyo huku anatazama nje.