Kuhamia St. George's, Grenada: nyumba, maji na mengineyo

Kutoka Mombasa

Assalamu alaikum wanakikundi, na shikamooni wakubwa zangu.

Mume wangu amepata mkataba wa miaka mitatu wa kufundisha katika chuo kikuu kilichoko nje kidogo ya St. George's, mji mkuu wa Grenada, na tunatarajia kuhamia huko mwezi wa Agosti pamoja na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka sita na mwingine wa miaka tisa. Dalali ametutumia picha za nyumba mbili. Moja iko juu mlimani na inatazama bandari, nyingine iko Grand Anse karibu na ufuo. Moyo wetu umeangukia ile ya mlimani, ila nchi yenyewe hatujaiona hata siku moja, na kabla hatujalipa amana ningeomba ushauri wa mwenzetu anayeishi huko: nyumba tuichague kwa kuangalia nini, tubebe nini, na safari tuipange vipi?

Kutoka St. George's

Waalaikum salaam mwanangu, na marahaba.

Mimi ni mzaliwa wa Wete, Pemba, na huu ni mwaka wangu wa nane katika mji huu. Nakuomba amana hiyo usiilipe kwanza. Mwandikie dalali leo, umuulize mambo mawili tu: nyumba ina tangi la maji la lita ngapi, na paa limeshikizwa ukutani kwa kitu gani. Akikujibu kwa kukutumia picha nyingine ya bandari, basi jibu umelipata.

Nakwambia hivyo kwa sababu mwaka wangu wa kwanza nilifanya kosa hilo hilo unalotaka kulifanya. Nilipanga nyumba kwenye mteremko ulio juu ya Carenage, ile bandari ya ndani iliyopinda kama mwezi mchanga, na kila asubuhi nilikuwa nikifungua dirisha naona mapaa mekundu yakishuka hadi majini na ngome ya Fort George upande wa pili. Ilipofika Machi, mfereji ukatoa hewa. Kiangazi hapa huanza Januari na kuendelea hadi Mei, na shinikizo la maji likipungua, nyumba za juu ndizo zinazokosa mwanzo na kupata mwisho. Tulikaa siku nne bila tone, nami nikawa napandisha madumu kwenye ngazi za mawe ambazo nilizihesabu, zilikuwa 63. Mwenye nyumba alisema tangi lingekuja, na hadi ninahama halikuja. Mei 2024 ukame ulizidi hata mamlaka ikaweka vizuizi vya matumizi ya maji nchi nzima, na familia zilizoupita mwezi ule kwa utulivu ni zile zenye matangi yao na mabomba ya kukinga maji ya mvua kutoka kwenye paa.

Ama habari ya paa, usidhani natia chumvi. Kwa muda mrefu wenyeji waliamini kwamba kisiwa chao kiko kusini mno kufikiwa na vimbunga. Baada ya kile cha mwaka 1955 kilichoitwa Janet, karibu nusu karne ilipita kwa salama, na nyumba nyingi zikajengwa kana kwamba upepo hautarudi. Tarehe 7 Septemba 2004 kikaja kimbunga Ivan. Watu 39 walifariki, na katika kila nyumba kumi, tisa hivi ziliharibika. Makanisa makubwa ya mjini yaliezuliwa, na jirani yangu ambaye sasa ni bibi wa miaka themanini alikaa usiku ule chini ya meza ya jikoni na wajukuu watatu, akisikia misumari ikichomoka mmoja mmoja. Tangu hapo mafundi waangalifu hufunga kila boriti ukutani kwa kamba za chuma. Mwombe dalali apige picha ndani ya dari uzione kwa macho yako, na uulize pia kama madirisha yana vifuniko vya mbao au vya bati. Julai 2024 kilipopita kimbunga Beryl, mji ulipata upepo mkali na kukatikiwa umeme, lakini kisiwa cha Carriacou, ambacho ni sehemu ya nchi hii, karibu kila paa liling'oka. Msimu wa vimbunga ni Juni hadi mwisho wa Novemba, kwa hiyo ninyi mtafika katikati yake. Wiki ya kwanza nunueni maji, tochi, betri na vyakula vya kopo kabla ya kununua mapazia.

Sasa nikwambie lililo jema, kwa kuwa naupenda mji huu na sitaki uogope kuja. Jumamosi asubuhi nenda Market Square mapema. Mara ya kwanza nilipofika pale nilisimama nikashindwa kusema, kwa jinsi harufu ilivyonirudisha nyumbani: karafuu, mdalasini, tangawizi, na kungumanga ambayo ndiyo fahari yao hata wameichora kwenye bendera. Muuzaji mmoja alipasua tunda bichi mbele yangu kwa kidole gumba, nyama yake ya manjano ikafunguka, na ndani ikaonekana mbegu nyeusi yenye kung'aa, imevishwa basibasi nyekundu mithili ya wavu. Ile nyama ya tunda, ambayo kwetu hutupwa, wao huipika jamu. Angalia neno moja tu: ukiomba zafarani kwa jina lake la Kiingereza utapewa manjano, maana ndivyo wanavyoyaita hapa. Hawakudanganyi, ni msamiati wao.

Chakula hakitakupa taabu. Shelisheli lipo kwa wingi, magimbi yapo na majani yake yanapikwa kama mchicha, ndizi mbichi zipo, nazi zipo. Chakula chao cha taifa, oil down, ni shelisheli lililopangwa chunguni pamoja na magimbi, majani na manjano, likapikwa kwa tui zito mpaka tui likauke na kubaki mafuta tu chini ya chungu. Mpemba yeyote atakielewa. Lakini mara nyingi hutiwa mkia wa nguruwe wa chumvi, na hata supu ya majani inaweza kuwa nao, kwa hiyo wewe na watoto ulizeni kila mnapokula nje. Hawaoni vibaya kuulizwa. Wanachokiona kibaya ni kuingia dukani au ndani ya basi bila salamu. Mtu mzima huingia akasema habari za asubuhi kwa wote waliomo, na wote huitikia. Wafundishe watoto hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Kutoka Grand Anse

Shikamoo Mama, na karibu sana Dada.

Mimi ni mwanafunzi wa udaktari kutoka Morogoro, na kwa yote aliyoyasema Mama sina la kupunguza. Ningeongeza kwamba Grand Anse ni tambarare, iko upande wa chuo, na mabasi ya namba 1 hupita mfululizo kutoka kituo cha Melville Street. Ni vipanya kama daladala zetu, vina konda na muziki, isipokuwa abiria hasemi “shusha” bali hugonga bodi kwa vidole, na dereva husimama. Jumapili na usiku huadimika.

Kuhusu safari, kwa paspoti yako ya Kenya kupitia Marekani kunahitaji viza hata kama unabadilisha ndege tu. Ukipitia London pia, paspoti ya Kenya kwa kawaida hudaiwa viza ya kupita ya Uingereza hata usipotoka uwanjani, na anayeshuka Heathrow na kuondokea Gatwick ni lazima apite uhamiaji, kwa hiyo ulizia viza inayokufaa kabla ya kukata tiketi. Bebeni vyeti vya chanjo ya homa ya manjano. Umeme ni wa volti 230 na plagi ni za pini tatu kama zetu, hivyo pasi na blenda zako zitafanya kazi, wakati wenzetu wanaotoka Marekani hulazimika kununua transfoma. Magari hupita kushoto. Fedha ni dola ya Karibi Mashariki, na tangu mwaka 1976 dola moja ya Marekani ni 2.70 za hapa, kwa hiyo muuzaji akikutajia bei muulize ni dola ipi. Nguo zozote za mabaka ya kijeshi, hata kofia ya mtoto, ziacheni nyumbani, kwa kuwa sheria ya hapa inazikataza.

Kutoka Mombasa

Nawashukuru sana, Mama na Kaka. Dalali amejibu. Nyumba ya mlimani haina tangi, na ya Grand Anse ina tangi la lita 3,000 ila hajui habari za paa. Amesema kuna mteja mwingine anayeitaka na ametupa siku mbili za kuamua.

Kutoka St. George's

Mwanangu, mteja huyo mwingine niliambiwa habari zake hata mimi. Usikimbizwe. Chukueni chumba cha kupanga kwa wiki tatu, mje mzione nyumba wenyewe, mfungue mifereji na mpande darini. Ukinitumia anwani ya hiyo ya Grand Anse, Jumamosi nikitoka sokoni nitapita niitazame, na kijana wetu wa Morogoro atanisaidia kupanda ngazi.

Mkifika, msihangaike na mabasi mkiwa na mizigo. Nitumie siku na saa ya ndege nitakuja uwanjani na gari la jirani. Na siku mtakayotembea mjini, mtapita handaki la Sendall, lililochimbwa katika miaka ya 1890 kuunganisha Carenage na upande wa pili wa mlima. Ni jembamba, magari huingia kwa mwelekeo mmoja, na waenda kwa miguu hupita humo humo ubavuni mwa magari. Huyo wa miaka sita mshike mkono, umweke upande wa ukuta.

Ukitaka kunipigia simu, kumbuka sisi tuko nyuma yenu kwa saa saba. Nipigie huko kwenu baada ya Magharibi, hapa itakuwa karibu saa sita mchana nami niko nyumbani.