Naomba ushauri: mhojiwa alieleza habari yenyewe baada ya kuzima kinasa sauti

Mwanagenzi wa Mwaloni
Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za leo. Nina mwaka mmoja katika redio ya jamii huku Kanda ya Ziwa, na jambo linalonishinda ni mahojiano. Wiki iliyopita nilikwenda mwaloni, pale ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki, kuzungumza na mama anayeanika dagaa, nikiwa na maswali 12 daftarini. Nikauliza, "Je, mvua zimeathiri biashara yenu?" Akajibu, "Ndiyo, zimeathiri sana." Nikauliza, "Je, mngependa serikali iwasaidie?" Akajibu, "Ndiyo, itusaidie." Tulikwenda hivyo kwa dakika 14, na mhariri akapata sentensi mbili tu za kurusha hewani.

Nilipozima kinasa sauti na kuanza kukunja waya, mama alichota dagaa kiganjani, weusi na wamegandamana, akaninusisha. Kisha akaeleza kwamba mvua ilinyesha usiku wakati mzigo wote ungali mchangani, kwamba dagaa alionunua kwa mkopo sasa watauzwa kwa bei ya chakula cha kuku, na kwamba hajui atamwambia nini aliyemkopesha. Habari yote ilikuwa pale, nami sikuinasa. Nifanye nini ili mtu azungumze hivyo huku ananaswa? Na ninaruhusiwa kuyatumia aliyoyasema baada ya hapo?

Mhariri wa Zamu
Marahaba, mdogo wangu. Mimi naona tatizo limeanzia kwenye hiyo "je". Ukiuliza swali ambalo jibu lake umekwisha kulitia ndani, mhojiwa hubaki na kazi ya kuitikia tu, na kwa malezi yetu ni nadra mtu kumbishia mgeni aliyemjia kwa heshima. Mwombe akusimulie tukio moja: "Mama, usiku ule mvua iliponyesha ulikuwa wapi?" Jihadhari pia na "kwa nini", hasa kwa mtu aliyepata hasara. "Kwa nini hukuwafunika?" humfanya ajitetee kama aliyesimamishwa mbele ya hakimu, ilhali "Ilikuwaje mpaka mvua ikawakuta mchangani?" huuliza jambo lile lile bila kumshtaki.

Akinyamaza, nawe nyamaza. Hesabu moja hadi tano kimoyomoyo, umtazame kwa upole, wala usikimbilie daftari, kwa maana mara nyingi sentensi unayoitafuta ndiyo inayofuata kimya hicho. Maswali 12 ni mengi. Mimi huandika matatu, na la nne hulipata ndani ya jibu la tatu.

Bint Unguja
Naafikiana na kaka hapo juu. Kuhusu swali lako la pili, jibu langu ni hapana, mpaka umwombe. Alipoona umezima, alijua mahojiano yamekwisha, akazungumza nawe kama mwanawe. Tena kuna deni ndani yake, na huenda aliyemkopesha yuko mwalo huo huo. Hata ukificha jina, sauti ya mtu hutambulika redioni na kijiji kizima. Rudi kwake, umweleze kipindi kitarushwa lini na utatumia maneno gani, kisha umwachie aamue.

Siku nyingine washa mapema kwa idhini yake, mkiwa bado mnazungumzia kazi na mikono yake ikiendelea kugeuza dagaa. Maikrofoni iwe kama shibiri moja kutoka mdomoni, upande kidogo, na wewe ukae ukiukinga upepo wa ziwa kwa mgongo.

Mzee wa Dawati
Niongeze jambo moja, kwa sababu habari hii itakufikisha kwa afisa, na huko kusimuliana hakutoshi. Akikuambia, "Suala hilo tunalifanyia kazi," usishukuru ukaondoka. Muulize kazi hiyo ilianza lini, nani anaisimamia, na vichanja vya kuanikia vitajengwa mwalo gani kwanza. Takwimu ziombe kwa maandishi: Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya mwaka 2016, inayotumika Tanzania Bara, inataka ombi lijibiwe ndani ya siku 30. Weka nakala yenye tarehe na mhuri wa kupokelewa.

Mwanagenzi wa Mwaloni
Nawashukuru sana. Nilirudi jana. Mama amekubali habari ya mvua itumike na amekataa ya deni, nami nimeiacha. Nilimuuliza alikuwa wapi usiku ule. Akanyamaza, nikahesabu hadi nne, ndipo akasema, "Nilikuwa nimelala, nikasikia bati linalia." Alizungumza dakika tisa bila mimi kuuliza kitu. Barua ya kwenda kwa afisa uvuvi naiandika leo jioni.