Kwa nini mteremko wa 3x + 2y = 12 si 3?

Mwanahesabu Chipukizi:
Habari zenu wanajukwaa. Nimejifunza kwamba mlinganyo wa mstari ukiandikwa y = mx + c, basi m ndiyo mteremko na c huonyesha mahali mstari unapokata mhimili wa y. Kwa y = 2x + 5 sina tatizo. Ila katika 3x + 2y = 12, namba iliyoandamana na x ni 3, ilhali majibu ya zoezi yanasema mteremko ni −3/2. Hiyo hasi na hiyo 2 zimetoka wapi?

Chaki Nyeupe:
Ndugu, m husomwa moja kwa moja pale tu y inapokuwa peke yake upande mmoja wa mlinganyo. Hapa bado haijawa peke yake. Toa 3x pande zote mbili upate 2y = −3x + 12, kisha gawanya kila kitu kwa 2: y = −(3/2)x + 6. Nasisitiza kila kitu, kwa maana wengi huigawanya −3x na kuisahau 12. Kujihakiki ni rahisi: weka 0 mahali pa x katika mlinganyo wa awali, nawe utapata 2y = 12, yaani y = 6, ambayo ndiyo c. (Wamarekani huandika b badala ya c, usibabaishwe na herufi.)

Mpenda Grafu:
Hatua hizo ni sahihi, lakini anayezikariri bila kuona mstari unafanya nini atakwama tena kesho. Mteremko hutueleza y inabadilika kwa kiasi gani kila x inapoongezeka kwa 1, na jambo hilo linaonekana hata kabla ya kupanga upya mlinganyo. Jumla ya 3x na 2y lazima ibaki 12. Ukiongeza x kwa 2, 3x inaongezeka kwa 6, kwa hiyo 2y haina budi kupungua kwa 6, yaani y inapungua kwa 3. Kushuka 3 kwa kila hatua 2 za kwenda kulia ndiko −3/2 yenyewe. Anzia (0, 6), sogea kulia 2 na ushuke 3, utafika (2, 3). Rudia, utafika (4, 0). Nukta zote tatu zinatimiza mlinganyo.

Mwanahesabu Chipukizi:
Nashukuru sana, hasa kwa hoja ya jumla isiyobadilika. Je, kila mstari unaweza kuandikwa hivi? Nimekutana na x = 4 na sioni y ya kuiacha peke yake.

Chaki Nyeupe:
Mstari wa wima hauandikiki kwa umbo hilo. Chukua nukta zake mbili, tuseme (4, 1) na (4, 7): y imepanda kwa 6 lakini x haikusogea, hivyo kutafuta mteremko kungekulazimu ugawanye 6 kwa 0, jambo lisilowezekana. Usiuchanganye na y = 4, ambao umelala sambamba na mhimili wa x; huo una mteremko, nao ni 0, na ukipenda unaweza kuuandika y = 0x + 4.