Ofisi za umma Pemba: karatasi zetu mnazidai zote, kuzitunza hamtaki

Wakuu, asalaam alaykum. Nina hasira, kwa hiyo mtanisamehe nikipandisha sauti.

Kuna faili linazunguka WhatsApp. Limeanzia kwenye grupu la shehia moja huku Wete, likavuka bahari kwa jamaa walioko Unguja, likafika mpaka Muscat kwa binamu yangu, na yeye ndiye aliyenitumia akiniuliza, "Huyu si mama mdogo?" Ni jedwali la Excel. Ndani yake mna wazee na watu wenye ulemavu wa shehia kadhaa, walioandikishwa na ofisi moja ya umma ili wafikiriwe msaada. Jina kamili mpaka la babu. Tarehe ya kuzaliwa. Namba ya Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Namba ya simu. Jina na simu ya mtu wa karibu. Halafu pembeni kabisa kuna safu imeandikwa "Hali", na hapo aliyejaza hakujizuia: "kisukari, mguu umekatwa", "mjane", "ameachwa, watoto hawamtizami", "maradhi ya akili".

Mama yangu yumo. Yeye kaandikiwa "presha, haoni vizuri, anaishi na mjukuu".

Ofisi siitaji hapa. Si kwamba naiogopa. Nikiitaja tu, kila mtu ataenda kulitafuta hilo faili, na hao waliomo wameshaanikwa vya kutosha.

Sasa someni lile jedwali kwa macho ya tapeli. Umepata mtu mzima, hana mwanaume ndani ya nyumba, haoni vizuri, anasubiri pesa kutoka serikalini, na namba yake ya simu hii hapa. Nini tena unahitaji? Simu ya mama ikalia. Kijana ana lugha nzuri, anamwita "bibi", anamtajia jina lake lote, anamsomea namba ya kitambulisho, anamtajia na jina langu mimi kama mtu wake wa karibu. Akamwambia mafao yake yameshatoka ila faili limekwama, kuna shilingi elfu thelathini za kulifungulia. Bimkubwa akamtuma mjukuu kwa wakala. Nyie mnaosema wazee wetu hawana akili, hebu niambieni: mtu akikupigia anajua namba ya kitambulisho chako, ulichokionesha ofisini tu, utamdhania nani kama si mtu wa ofisi? Miaka yote tumewafundisha wazee wakatae ile meseji ya matapeli ya "tuma kwenye namba hii". Huyu hakuja na ile. Huyu kaja na faili.

Na hakupigiwa yeye peke yake. Ndani ya shehia yetu nimeshazungumza na nyumba nyengine zilizopigiwa kwa maneno yale yale. Wengine wamekata simu, wengine wametuma, na kuna mama mmoja hataki hata kulisema kwa sababu ataulizwa pesa kapata wapi.

Nikaenda ofisini. Nimepokewa vizuri, nimepewa kiti, sisemi uongo. Nikaeleza. Afisa akalitizama faili kwenye simu yangu, akasema, "Hili la kwetu kweli, ila sisi hatukulitoa." Limetokaje basi? Akaeleza bila hata kuona haya kwamba orodha ilitumwa kwa masheha kwa WhatsApp ili wahakiki majina, "maana mtandao wa ofisi unasumbua". Sheha mmoja akaliweka kwenye grupu ili watu wenyewe waangalie kama wamo. Basi. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyevunja kompyuta. Tumeanikwa na watu wenye nia njema kabisa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu mwizi ungemkamata.

Nikamwambia, kaka, hii ni siri ya watu. Akacheka kidogo: "Mbona unalifanya kubwa? Hapa Pemba nani asiyemjua mama yako?"

Nataka nilijibu hilo vizuri, kwa sababu najua hata humu watakuja watu nalo. Ndiyo, majirani wanajua mama ana presha. Wanajua kwa sababu walikuja kumtizama alipoanguka, wakaleta uji, wakakaa naye usiku. Walichokijua wamekijua kwa kushiriki, na wanajua pia mipaka yake. Hutamsikia jirani anatangaza sokoni kwamba fulani kaachwa na watoto wake hawamtaki. Sisi ni watu wa kusitiriana, ndivyo tulivyolelewa chuo cha Kurani na majumbani. Jirani hana tarehe ya kuzaliwa ya mama. Jirani hana namba ya kitambulisho chake. Mtu wa Muscat hakuwa na habari kwamba yule bibi wa nyumba ya tatu wanawe hawamtizami, na sasa anayo, imepigwa muhuri kwenye jedwali la serikali. Na yule bibi alipokuwa akiulizwa maswali yale kwenye fomu alijibu ukweli, kwa sababu aliamini anamwambia serikali, si dunia.

Hebu tuseme na haya mambo mengine ambayo tumeyazoea mpaka hatuyaoni. Ukiingia ofisi nyingi huku unakuta daftari kubwa liko wazi mezani: jina, simu, umekuja kwa shida gani. Ukiandika yako unasoma na za waliokutangulia. Mashine ya kunakilisha ya ofisi mbovu, basi afisa anakupiga picha kitambulisho kwa simu yake mwenyewe, ile ile anayochezea mwanawe nyumbani, na ikivunjika kioo inapelekwa kwa fundi mjini Chake Chake ikiwa wazi haina hata namba ya siri. Au unaambiwa nenda duka la fotokopi pale nje, na kompyuta ya duka ina vitambulisho vya nusu ya wilaya kwenye desktopu. Fomu za zamani zinatoka ofisini kwa kilo. Mimi nimewahi kununua karanga nikakuta zimefungwa kwenye fomu yenye picha ya mtu, na muhuri juu yake. Nani anauza zile karatasi? Kwani hakuna kuchoma? Wapemba sisi tukikata mikarafuu iliyokufa tunajua pa kuichomea, karatasi zinashindikana?

Kisha hizo hizo ofisi zinavyodai! Barua ya sheha. Nakala ya kitambulisho, si moja. Cheti cha kuzaliwa. Picha ndogo. Ukihamia dirisha la pili wanadai tena vile vile, wakati vitambulisho vya sasa vyenye kadi ya elektroniki tumeambiwa vimekuja ili tupunguziwe makaratasi. Dirisha moja haliamini dirisha jengine, ila WhatsApp wanaiamini wote.

Sasa nije kwenye sheria, na hapa ndipo nilipochomeka zaidi.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na ina Tume yake, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nimeisoma. Ni sheria nzuri. Inasema taarifa zikusanywe kwa sababu inayojulikana, zisizidi zinazohitajika, zisikae kupita muda wake, zilindwe. Habari za afya ya mtu imeziweka kwenye fungu la taarifa nyeti, zenye masharti makali zaidi. Anayekusanya anatakiwa ajisajili kwa Tume na awe na afisa wa kushughulikia ulinzi huo. Anayetoa taarifa za watu kinyume na sheria anaweza kupigwa faini mpaka milioni 20 au kufungwa mpaka miaka 10. Nikasema alhamdulillahi, hapa nimepata pa kushika.

Kumbe soma mwanzo. Sheria inatumika Bara na Zanzibar, isipokuwa kwa Zanzibar haigusi mambo yasiyo ya Muungano.

Chukueni Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Nyongeza ya Kwanza, muyasome mambo ya Muungano. Ulinzi upo. Polisi ipo. Uraia upo. Posta na simu ipo. Afya? Haipo. Ustawi wa jamii? Haupo. Ardhi, serikali za mitaa, skuli za watoto wetu, vyote vya kwetu wenyewe Zanzibar. Maana yake nini? Kampuni ya simu ikivujisha namba ya mama yangu, nina pa kwenda. Ofisi iliyoko kwetu, inayolipwa kwa kodi zetu, ikivujisha maradhi ya mama yangu, naanza kuulizwa hili jambo ni la Muungano au si la Muungano. Yule tapeli naye anaweza kushughulikiwa, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafika mpaka huku, na polisi nimeshaenda, nikapewa namba ya jalada. Kwa hiyo aliyeokota atatafutwa, na aliyemwaga ataendelea kumwaga.

Msinigeuzie hili kuwa mjadala wa Muungano, nawajua. Sitaki hapa mabishano ya serikali mbili na tatu, yana nyuzi zake. Ninalosema ni jepesi: kama jambo ni la kwetu, basi ulinzi wake uwe wa kwetu, na uwe mkali kama ule. Baraza la Wawakilishi liko Chukwani, linakaa, linatunga sheria, na wawakilishi wetu wana wazazi wenye vitambulisho kama wetu. Katiba ya Zanzibar ya 1984 kifungu cha 15 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake binafsi na familia yake na mawasiliano yake. Ipo, imeandikwa. Lakini mama wa Wete afungue kesi ya katiba kwa ajili ya safu ya "Hali"? Kwa wakili gani, kwa nauli gani ya boti?

Na hata bila sheria mpya, kuna mambo hayahitaji Baraza likae. Sheha anataka kuhakiki majina? Mpe karatasi ya shehia yake tu, yenye majina tu, aisome, airudishe. Maradhi ya mtu yanamhusu nini sheha anayehakiki kama fulani bado yuko hai na anakaa pale? Simu ya afisa isipige picha kitambulisho cha mtu, mashine itengenezwe. Na ile safu ya "Hali" atakayeijaza aulizwe kwanza kama angependa mamake aandikwe vile.

Nilichoomba ofisini ni vitu vidogo. Wawapigie waliomo wote, mmoja mmoja, wawaambie taarifa zenu zimetoka, akikupigieni mtu kudai pesa si sisi. Waandike kwenye hayo magrupu kwamba faili lifutwe. Na wanioneshe nani mwengine katumiwa. La kwanza nimejibiwa "tutawatia watu hofu". Hofu! Mama hapokei tena simu yoyote ya namba asiyoijua, hata ya daktari, na mnaogopa kumtia hofu. La pili nimeambiwa litazungumzwa kwenye kikao. La tatu afisa alitoka kwenda kuswali, na baada ya sala ofisi ilikuwa imefungwa.

Kabla hamjaanza: anayetaka nimtumie hilo faili "nione tu kama mzee wangu yumo", simtumii. Niulize jina faraghani nikujibu yumo au hayumo. Na wewe uliye nalo, lifute, na ulifute kwenye grupu kama ni msimamizi, usiweke hata kipande cha picha hapa kuthibitisha nilichosema.

Barua kwa mkuu wa ofisi nimeshaiandika, nakala inakwenda kwa mwakilishi wa jimbo. Wenye wazee mle mnaotaka kutia saini, tukutane Wete Jumamosi baada ya alasiri, pahala nitawatumia wenyewe. Njooni na kalamu. Saini na jina la shehia vinatosha, namba ya kitambulisho ya mtu sitaki kuiona.