Haidroliki ya kupandisha mashine ya boti imeingiwa maji, naisafishaje?

Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri. Nina mashine ya HP 60 ya zamani, niliinunua mkononi, ina ile haidroliki ya kupandisha na kushusha kwa swichi. Sasa wiki ya pili hii naipandisha jioni hapa Igombe, Mwanza, inapanda fresh tu ila asubuhi naikuta imelala, propela imejichimbia kwenye mchanga.

Jana nikaipandisha mpaka mwisho, nikaweka loki yake na gogo juu maana siiamini tena, nikafungua kifuniko cha oili. Aisee, badala ya nyekundu imetoka kama chai ya maziwa tena ina povu. Maji hayo.

Fundi mmoja wa Kirumba ananiambia nimimine dizeli izunguke halafu nimwage, mimi roho inasita kwa ajili ya zile sili za mpira. Nilichowaza ni kumwaga yote, kuweka ATF mpya (ile oili nyekundu ya giaboksi za otomatiki), nipandishe na kushusha mara tano sita huku naongezea ikiwa juu ili upepo utoke, kisha nimwage tena, nirudie mpaka itoke nyekundu safi. Niko sawa au napoteza oili bure?

Halafu rodi ina vidoadoa vya kutu pale inapoingilia kwenye silinda. Nikibadilisha sili tu si itakatwa tena? Au kinachoishusha ni ile skrubu ya kulegezea kwa mkono haifungi vizuri? Aliyewahi kuifungua anielekeze, jumatatu nina abiria.