Naomba ushauri: riwaya ya mtu ninayemfahamu, niihakiki vipi?

Habari zenu wakuu. Mimi ni mkutubi, kusoma nimeanza tangu niko mdogo, yaani hata kipande cha gazeti kilichofungiwa kitu nilikuwa nakikunjua nisome, na kila kitabu nikimaliza lazima nikiandikie uhakiki, sasa hivi nina madaftari 11. Shida ni hii, kuna msomaji wetu wa siku nyingi katoa riwaya yake ya kwanza, kaniletea nakala ina saini kabisa, anataka niihakiki. Jamani mwanzo mtamu, ila kuanzia ukurasa wa 90 hivi wahusika wote wanaongea sauti moja, na kuna mjomba kafa sura ya 3 halafu sura ya 11 anawafungulia wageni mlango!! Nimeshaiweka kwenye rafu ya namba 800, namba ya vitabu vya fasihi kwenye mpangilio wa maktaba, lebo nimebandika mgongoni mwa kitabu, lakini uhakiki kalamu imegoma. Nikisifia tu nawadanganya wanaoniamini, nikisema ukweli naogopa atakata mguu maktaba. Nimwite pembeni kwanza ndo niandike, au nisihakiki kabisa vitabu vya watu ninaowajua? Mliowahi kuandika vitabu, nyie mngependa lipi?