Jino, Jumapili, na maduka ya dawa ya Ujerumani

Mbukwenyi ndugu zangu. Kuna dada wa Nkuhungu, hapa Dodoma, anauliza akienda Ujerumani abebe dawa au atanunua hukohuko, ngoja nimsimulie yaliyonikuta nilipoenda kukaa kwa mdogo wangu miezi minne.

Mimi nimezoea pale Majengo, kichwa kikigonga natoa hela nasema nipe Panadol mbili, naondoka. Sasa kule Jumapili jino likaanza, natoka naona mji mzima umefungwa mpaka duka la dawa, na supamaketi hata ingekuwa wazi ni bure tu maana paracetamol na ibuprofen kule zinauzwa Apotheke, lile duka lenye herufi A kubwa nyekundu. Kuna mengine yanaitwa Drogerie, hayo jina linakudanganya, ukiingia ni shampuu, pempasi na chai za mitishamba.

Mdogo wangu ndo akanipeleka kusoma karatasi iliyobandikwa mlangoni, kumbe wana zamu, Notdienst, usiku na sikukuu wanapokezana na karatasi inakwambia leo ni duka lipi. Tukafika huko mlango umefungwa vilevile, unabonyeza kengele, mfamasia anafungua kidirisha kama cha kukatia tiketi stendi, mnaongea wewe uko nje na baridi yote ile. Juu ya bei ya dawa unalipa euro 2.50 ya zamu. Nikaomba vidonge viwili akanitolea macho, hawakati, unachukua boksi zima. Halafu maswali sasa, una vidonda vya tumbo? unatumia dawa gani nyingine? Nilikasirika mwanzoni ila nikajiuliza, huku kwetu nani kashawahi kuniuliza hayo.

Amoksilini bila cheti cha daktari sahau kabisa, na hata paracetamol za miligramu 500, boksi la vidonge 20 ndo mwisho bila cheti. Wenye bima ya umma tangu 2024 cheti kiko kwenye mtandao, anachomeka kadi yake ya bima pale dukani basi, anachangia asilimia 10, kwa kawaida kati ya euro 5 na 10. Wewe mgeni utalipa zote, tunza risiti udai bima yako ya safari.

Kwa hiyo dada, kama unatumia dawa za presha beba kwenye maboksi yake na cheti, za maumivu nunua Jumamosi asubuhi.

Yule mfamasia alinipa na pakiti ya tishu bure, nikajua kaona machozi, mdogo wangu anacheka ati wanampaga kila mtu.